Makala imekaa jaridani miezi minne kimya: yanayopita huko ndani, kwa alie kwenye kusubiri (uzi mrefu)

bintimwani

Assalam alaykum ndugu zangu. Uzi huu mrefu, mwenye haraka anisamehe.

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu, wote wanamaliza masta, mmoja yuko Tunguu na wawili wako Bara, na shida yao ni moja tu. Wametuma makala jaridani, miezi imepita, kimya, na kila mmoja keshapata imeili kutoka jarida jengine asilolijua linamwambia lete kwetu, siku tatu tu unajibiwa, lipa dola mia na kitu. Mmoja nilimkuta yuko njiani kwenda kutoa pesa. Nikaona bora niandike hapa mara moja kuliko kumueleza mmoja mmoja, maana na mie yalinikuta na hakuna alienikalisha chini akanieleza.

Mie natafiti mwani, huku kwetu Pemba upande wa Micheweni. Jarida silitaji, chuo sikitaji. Makala yangu ya kwanza ilichukua miezi kumi na tano tangu siku niliyoituma mpaka kutoka, na katikati hapo kuna wiki nzima nilikuwa nikiona jina la lile jarida kwenye simu tumbo linanisokota, siifungui.

Haya. Ukishabonyeza kutuma, makala haiendi kwa marivyua, yaani watafiti wenzako wanaoisoma na kuihakiki kabla ya kuchapwa. Hili wengi hawalijui. Inakwenda kwa mhariri kwanza, yeye anaangalia mambo ya juujuu: hii inahusu jarida letu au mtu kakosea nyumba, kibali cha utafiti kimetajwa au hakimo, urefu, halafu inapitishwa kwenye programu ya kukamata maandishi ya kunakili. Makala nyingi zinarudi hapahapa, hazikusomwa na mtu mwengine yoyote. Ukirudishiwa kwenye hatua hii usione kama utafiti wako mbovu, mara nyingi umepiga hodi mlango sio. Nna mwenzangu alituma habari za bei ya mwani na madalali kwenye jarida la baiolojia ya bahari, wakamrudishia siku ya nne, akalia, akapeleka jarida la maendeleo vijijini bila ya kubadilisha hata aya moja ya matokeo na ikapokelewa.

Ikivuka hapo ndo mhariri anaanza kutafuta marivyua, na hapa ndo miezi yako inapoliwa. Rivyua ni mtafiti kama wewe, yuko chuo chake, ana darasa, ana watoto, ana makala zake mwenyewe zinazosubiri, na halipwi. Narudia, halipwi hata senti. Mhariri anatuma imeili: kuna makala hii, ikhtisari yake hii, utaweza kuisoma? Wengine wanakataa, wengine hawajibu kabisa, anakaa wiki mbili anasubiri, anatafuta mwengine. Inabidi awapate wawili au watatu walioikubali. Kwa mambo yetu sisi ya huku, watu wanaoujua mwani wa kwenye maji madogo ya pwani ya Afrika Mashariki ni wachache, unaweza kuwahesabu, na nusu yao wameshafanya kazi na wewe kwa hiyo hawafai. Kwenye makala yangu nilikuja kuambiwa na mhariri mwenyewe kuwa aliwaandikia watu tisa mpaka kupata wawili. Mimi huku nikifikiri wamenidharau kwa sababu ya jina na anuani yangu.

Wakishapatikana wanapewa muda, wiki tatu, nne hivi, na wengi wanachelewa. Wanaandika ripoti mbili kwa moja: maneno ya kuja kwako, na maneno ya mhariri peke yake ambayo wewe huyaoni. Halafu wanatia pendekezo: ikubaliwe, ina marekebisho madogo, ina marekebisho makubwa, ikataliwe. Ni PENDEKEZO. Anaeamua ni mhariri. Mmoja akisema ikataliwe na mwengine akasema marekebisho madogo, mhariri anasoma zote mbili anapima, au anamtafuta wa tatu, ndo miezi miwili mengine hiyo.

Sasa ntakuelezeni yaliyonifika mie, maana hapo ndo nilipoelewa kazi yenyewe ni ya nini.

Nilikuwa nalinganisha mashamba mawili ya mwani, moja kottonii (aina ya mwani tunaoulima) ilikuwa inakufa, inageuka nyeupe inakatika vipandevipande, ule ugonjwa wanaouita aisi-aisi, na shamba la pili iko salama. Nikapima joto la maji miezi sita, shamba linalokufa joto liko juu, nikaandika kuwa sababu ni joto. Nilikuwa na uhakika. Ripoti zikaja. Wa kwanza kasifu kasifu, kaniambia nirekebishe majedwali. Wa pili kurasa tatu, na katika hizo kurasa tatu kuna sentensi moja ilinikata: mwandishi alikuwa anapima saa ngapi, na maji yakiwa katika hali gani?

Jamani. Nilikuwa napima wakati wa bamvu tu. Kwa nini? Kwa sababu bamvu ndo maji yanapwa sana, saa nne saa tano za asubuhi shamba liko wazi, akina mama wako kazini, na mie naenda nao. Maji mafu hakuna anaekwenda shambani kwa miguu, maji hayatoki. Kwa hiyo vipimo vyangu vyote ni vya maji yaliyobaki kidogo, jua limeshapanda, na lile shamba moja liko chini kidogo linabaki na kidimbwi na lile jengine maji yanakimbia yote. Nilikuwa nimepima kidimbwi nikasema nimepima bahari. Mtu ambae pengine hajawahi kukanyaga Pemba kaliona hilo akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mie niliezaliwa pwani sikuliona.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaazima vipima joto vya kuacha majini, vile vinavorekodi vyenyewe usiku na mchana, nikavifunga kwenye vigingi, nikaanza tena, bamvu na maji mafu. Na nilipokuwa nafunga akina mama wakaniuliza unafanya nini tena wewe, si ulimaliza? Nikawaeleza. Mmoja wao, bibi wa makamo, akaniambia lakini mwanangu, hili shamba mbegu yetu si ya hapa, msimu ule yetu ilikufa tukaletewa mbegu kutoka kwengine. Miezi sita nimekaa nao sikuwauliza mbegu imetoka wapi! Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili yamechanganyika, joto na mbegu, na mie nimeandika moja.

Makala iliyotoka siyo ile niliyotuma. Ile niliyotuma ilikuwa na kosa, na ingetoka vile kuna mtu wa mradi angekuja kuwaambia akina mama wahame maji wakati tatizo nusu yake ni mbegu. Ndo maana roho inaniuma nikiona mtoto anakwenda kulipa ili asisomwe.

Ntaendelea na kujibu ripoti, ngoja nisali adhuhuri.

karafuu99

Maashallah dada, umenifungua. Lakini mie nna suali la msingi, huu mtindo wenyewe wa kupitiwa na marivyua umeanza lini? Maana wengine tunaambiwa ni kanuni ya sayansi tangu enzi.

bintimwani

Waalaykum salaam karafuu99. La, sio wa tangu enzi. Jarida la Philosophical Transactions la kule London lilianza 1665, mwenye kulianzisha Henry Oldenburg, lakini alikuwa anaamua mwenyewe na marafiki zake wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, hakukuwa na huu utaratibu wa leo. Mambo ya kumtumia kila makala mtu wa nje yalikuja polepole sana. Nature, jarida la sayansi ambalo kila mtu analitaja, halikufanya mapitio kuwa lazima kwa kila makala mpaka 1973.

Na kuna kisa cha Einstein nakipenda kuwapa wanafunzi. 1936 alituma makala na mwenzake Nathan Rosen kwenye Physical Review la Marekani, wakisema mawimbi ya mvutano (gravitational waves) hayapo. Mhariri akaipeleka kwa rivyua. Einstein akakasirika, akaandika kuwa yeye kaituma ichapwe, hakumruhusu mtu aonyeshwe kabla, akaiondoa. Rivyua alikuwa kaandika kurasa kumi akionesha kosa liko wapi. Baadae kosa likaonekana kweli, na makala ilipotoka 1937 kwenye jarida jengine hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Mawimbi yenyewe yakaja kupimwa kweli 2015. Kwa hiyo ukipata kurasa tatu za kukosolewa usidhani wewe ndo wa kwanza kukasirika.

kijanawatunguu

Dada mie ndo yule wa simu. Nimeshapata ripoti juzi usiku, marivyua watatu, maoni arubaini na moja. Marekebisho makubwa. Msimamizi wangu kasema hongera, mie sioni hongera iko wapi.

bintimwani

Mdogo wangu, hongera kweli. Marekebisho makubwa maana yake mlango haukufungwa, mhariri anataka kuiona tena. Wanaotaka kukufukuza wanakufukuza, hawakuandikii mambo arubaini na moja.

Sasa fanya hivi, leo usijibu kitu. Soma mara moja, funga, nenda kaoge, kaa siku mbili. Siku ya kwanza kila neno utaliona tusi. Siku ya tatu utaona katika arubaini na moja kuna ishirini ni koma na majedwali, kumi hukueleza vizuri mtu hakukuelewa, na yaliyobaki ndo penye kazi.

Halafu fungua faili jipya. Kila oni unalinakili kama lilivo, neno kwa neno, usilifupishe hata likikuudhi, chini yake unaandika jibu lako, na unamwambia umebadilisha nini ukurasa wa ngapi mstari wa ngapi. Barua hii ya majibu ndo itakayosomwa kwanza. Mhariri ana makala nyengine mkononi, hana muda wa kuwinda umefanya nini. Yangu ilikuwa kurasa kumi na moja, ndefu karibu sawa na makala yenyewe.

Na unaruhusiwa kukataa!! Hili vijana wetu hawalifanyi, tumelelewa mkubwa akisema unaitikia, basi mtu anakubali hata kitu cha makosa anaharibu makala yake. Mie rivyua wa kwanza aliniambia niondoe sehemu ya kazi za akina mama, ati haihusiani na baiolojia. Nikamjibu kwa adabu: namshukuru mhakiki, lakini mwani unafungwa, unakaguliwa na kuvunwa kwa mikono yao kila baada ya wiki sita hivi, na saa wanazoweza kuingia majini ndo zinazoamua mche upi unaondolewa mapema na upi unabaki unaoza, kwa hiyo sehemu hii nimeifupisha lakini nimeibakisha. Nikatia vipimo. Mhariri akakubali. Unakataa kwa sababu na ushahidi, na unakataa machache. Ukikataa thelathini hapo umegoma.

bwana_dau

Mimi nimesoma yote na nakubaliana na mengi lakini dada unayapamba sana haya mapitio. Makala ya yule daktari wa Uingereza ya chanjo ya surua na usonji si ilipita kwa marivyua na ikatoka kwenye The Lancet, jarida kubwa la tiba? Mpaka leo huku mitaani kuna watu wanakataa chanjo kwa maneno yale. Sasa faida iko wapi?

bintimwani

Bwana dau umesema kweli na sitaki kukupinga hapo. Makala ya Andrew Wakefield ilitoka 1998, watoto kumi na mbili tu, na The Lancet halikuifuta rasmi mpaka 2010. Miaka kumi na mbili. Madhara yake umeyataja mwenyewe.

Lakini tuangalie rivyua anapewa nini. Anapewa karatasi. Hapewi mafaili ya hospitali, haendi maabara, hakai na mgonjwa. Mwandishi akiandika uongo uliopangika vizuri, rivyua ana njia chache za kuujua. Anachoweza kuona ni kama hitimisho limetoka kweli kwenye vipimo vilivyoandikwa, kama mie alivoniona na bamvu langu. Uongo wa makusudi unakuja kukamatwa na watu wengine baadae, wanaorudia utafiti wasipate matokeo yale, wanaoomba data, waandishi wa habari wanaochimba, Wakefield alichimbuliwa na mwandishi wa habari. Kwa hiyo anaekwambia "imepitiwa, basi ni kweli" anakudanganya, na anaekwambia "mapitio hayana maana" nae pia.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye The Lancet, wacha niseme la kwetu, maana wengi humu hawajui kuwa Pemba imo humo. Miaka ya 2000 mwanzoni kulifanywa utafiti mkubwa hapa kisiwani kwa watoto wadogo, walio chini ya miaka mitatu, wa kuwapa madini chuma na foliki asidi na zinki. Makundi ya madini chuma, yenye zinki na yasiyo na zinki, pamoja na la kulinganisha nayo, yalikuwa na watoto kama elfu ishirini na nne. Kila mtu alitarajia faida, maana watoto wetu wengi walikuwa hawana damu. Mwaka 2003 kamati ya usalama wa utafiti ikasema simamisheni makundi ya madini chuma, kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Yakatoka The Lancet mwaka 2006. Na ukisoma ile makala si kwamba wameandika "madini chuma mabaya" wakaondoka, mna uchambuzi wa kundi dogo unaoonesha kuwa watoto waliokuwa kweli wana upungufu wa madini chuma na damu, na ambao malaria zao zilikuwa zinapimwa na kutibiwa, wao walifaidika. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Matokeo ya kushtua kama yale yakitoka bila ya kusomwa na macho makali kabla, nusu ya dunia ingesema yamekosewa kisiwani huko. Yaliposimama yalisimama, na watoto wa kwengine wakanusurika kwa kilichoonekana kwa watoto wetu.

Nikifikiria makala hutoka za nini nafikiria hiyo, sifikirii kupandishwa cheo.

kijanawatunguu

Mie nilikuwa siijui hiyo kabisa na nimezaliwa Wete. Dada suali jengine, marivyua wanajua jina langu? Maana mmoja kaandika maneno kama ananijua.

bintimwani

Inategemea jarida. Kuna ya upande mmoja, yeye anakujua wewe humjui, hii ndo nyingi kwenye sayansi. Kuna ya pande mbili, majina yote yanafichwa, hapo inabidi uondoe na shukrani na mahala popote ulipoandika "katika utafiti wetu uliopita", lakini wallahi kwa mambo ya kisiwani kuficha ni tabu, ukiandika tu "shamba lililoko kaskazini ya Pemba" watu watatu duniani wanajua ni nani. Na kuna ya wazi, majina yote yanajulikana na ripoti zinachapwa pamoja na makala. Hii ya wazi naipenda kama msomaji, ila kijana akiambiwa amkosoe profesa wake kwa jina lake waziwazi sijui kwetu atathubutu vipi.

karafuu99

Haya na hao wa siku tatu? Mie kuna imeili nimeipata leo asubuhi inaniita "Profesa mtukufu" na mie mwaka wa pili.

bintimwani

Hapo ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Ada yenyewe siyo dalili, hapo watu wanakosea. Yako majarida mazuri ya kusomwa bure ambayo mwandishi ndo analipa, na mengi yana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi kama yetu, uliza kabla ya kutuma. Dalili ni kuahidiwa kukubaliwa, au kukubaliwa siku tatu bila ya swali hata moja. Nilivokwambieni hapo juu, wiki mbili zinaisha kwa kumtafuta rivyua mmoja tu. Siku tatu nani kaisoma?

2013 kuna mwandishi anaitwa John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani inayotokana na kuvumwani (lichen, ile inayoota kwenye mawe na magome ya miti), akaitia makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona, akaituma majarida 304 ya kusomwa bure. 157 yakaikubali. Aliitangaza kwenye jarida la Science. Mia na hamsini na saba, ndugu zangu, dawa ya saratani! Maabara ya uongo, chuo cha uongo.

Kulikuwa na mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha ya majarida ya kutilia shaka, akaiondoa mtandaoni 2017. Watu wengi hadi leo wanazunguka na nakala zake za zamani, mie siitegemei tena. Mie nafanya hivi. Naangalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure, au, kwa ya Afrika, AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Naangalia wahariri, nachukua jina moja naenda ukurasa wa chuo chake naona kama mwenyewe kataja kuwa ni mhariri wa jarida hilo, maana wanatia majina ya watu bila ya idhini, wengine wameshafariki. Nasoma makala mbili za toleo la mwisho mwanzo mwisho. Ukikuta makala ya ufugaji wa kuku, ya benki na ya upasuaji wa moyo toleo moja, ondoka.

Na msisahau tulionalo karibu. Jarida la sayansi ya bahari la Bahari ya Hindi ya Magharibi linachapwa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huu, ofisi yao iko hapahapa Unguja. Wenye Kiswahili na isimu kuna jarida la Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu anakimbilia jarida lisilojulikana liko nchi gani na nyumbani wapo watu wanaoijua pwani yetu.

bwana_dau

Na wale wa fomu inayokuuliza pendekeza marivyua? Mie niliwahi kuandika rafiki yangu wa Morogoro, kuna ubaya?

bintimwani

Shekhe wangu, kama mmeandika pamoja miaka ya karibuni au mna mradi mmoja, upo ubaya, andika watu wanaoijua kazi lakini hamna maslahi. Mhariri si lazima awachukue. Njia hiyo imechezewa sana, mwaka 2015 BioMed Central walifuta makala 43 kwa mara moja baada ya kuonekana anuani za imeili za marivyua zilizopendekezwa ni za uongo, waandishi au madalali wao wanajisomea wenyewe na kujisifu wenyewe. Siku hizi wahariri wengi wanataka imeili ya chuo, sio ya kawaida.

Na nyie mnaoanza kualikwa kuwa marivyua, maana wapo humu, mswada wa mtu ni amana. Usimtumie rafiki, usichukue wazo lake, usiutie kwenye hizi programu za akili bandia ukaiambia niandikie ripoti. Umeahidi mhariri utausoma wewe. Ukiona huna muda kataa siku hiyohiyo, usikae nao wiki tatu halafu useme siwezi, kuna mtoto wa mtu mahala anafungua imeili kila asubuhi.

kijanawatunguu

Dada nimeanza kupanga kama ulivosema. Oni namba 27, rivyua wa tatu anataka nitaje makala saba, na zote saba zina jina moja la mwandishi. Mbili zinahusiana na pweza ninaemtafiti, tano hazihusiani hata kidogo. Nahisi ni yeye mwenyewe. Nikikataa atanikatalia makala?

bintimwani

Taja zile mbili kama kweli zimekusaidia. Kwa zile tano andika: tumezisoma, hazihusu suala la utafiti huu, kwa hiyo hatukuziweka. Basi, usiseme zaidi. Na kwenye barua ya mhariri, ile ya juu kabisa, mweleze kwa utulivu sentensi mbili kuwa makala saba zilizopendekezwa ni za mwandishi mmoja. Usimtuhumu mtu. Wahariri hii tabia wanaijua. Ukizitia zote saba kwa woga, mwandishi atakaekuja baada yako atafanyiwa vilevile.

ummu_pwani

Assalam alaykum. Mie siko chuo, mama yangu analima mwani Kiuyu na mie nilikuwa naenda nae tangu niko skuli. Nimeusoma uzi wote. Nauliza tu, hao akina mama waliokwambia habari za mbegu, makala ilipotoka waliiona? Maana wanakuja watu kila mwaka na madaftari, wanauliza, wanaondoka, hatujui wamekwenda kuandika nini juu yetu.

bintimwani

Waalaykum salaam mwanangu. Suali lako limenikalia tangu jana, ndo maana nimechelewa kujibu.

Ile ya kwanza waliiona baada ya kutoka. Nilikwenda nayo, nikawasomea kwa Kiswahili chini ya mkungu, na yule bibi wa mbegu jina lake liko kwenye shukrani, kwa ruhusa yake. Akaniambia mbona umeandika kamba ziko kimo kimoja kote, zetu sisi tunazishusha jua likiwa kali. Makala imeshachapwa. Marivyua wawili, mhariri, miezi kumi na tano, na hakuna alieliona hilo kwa sababu hakuna aliewahi kufunga kamba. Nikaliandikia jarida, wakanichapia sahihisho fupi.

Ya pili sijaituma. Nimeiandika upya kwa Kiswahili, kurasa nane, na ramani ya mashamba nimeichora kubwa waione. Bamvu linaanza Jumamosi, naenda nayo kabla ya jarida lolote kuiona. Kama mama yako yuko Kiuyu nambie ni upande gani, ntapita na kwake.